Vibarua Wasioandikwa

Kazi yangu ni daftari.
Saa moja kasoro, ukungu wa Mafinga haujanyanyuka,
naita majina kwenye geti la kiwanda cha nguzo:
Kikoti. Yupo. Luvanda. Yupo.
Mgovano anaumwa, mkewe kaleta ujumbe.
Miaka kumi na moja sijakosea posho ya mtu.

Nyuma ya tangi la dawa, ile nyeusi
tunayoinywesha mikaratusi ili mchwa aikimbie,
palikuwa na ardhi iliyokunywa kuliko nguzo.
Udongo wa kunata kwenye raba,
harufu yake unaikuta mpaka kwenye ugali wa mchana.
Jani halikuota. Kuku wa mlinzi alichakura pale
siku moja tu.
Bondeni kuna kijito,
na kijito kina watu.

Akaja Tulinagwe Chengula, binti wa Makete,
buti zimemzidi miguu, kipimajoto kirefu kama mkuki.
Hakuomba mashine.
Aliomba maranda tripu nne, samadi mbichi,
maji, turubai, majembe sita
na miezi tisa.
Meneja akacheka: na watu je, wangapi?
"Watu wamo humo humo udongoni," akasema.
"Ugali wanao, tena wa kumwaga.
Wamekosa mboga, na hewa."

Mimi na kalamu yangu:
sasa hao niwaandike akina nani?

Lakini usiku nikamkumbuka bibi, kule Kibengu,
anakata ncha ya mwanzi machanga, anafunga mbeta,
asubuhi ulanzi mtogwa, mtamu, hata sisi watoto tulipewa;
siku ya tatu mkangafu, na babu anaimba.
Katikati ya siku hizo mbili
nani alishika mwiko?
Tulimnywa mpishi miaka yote
hatukumuuliza jina.

Basi tukageuza lundo, kila Jumatano.
Juni, vidole havisikii kalamu,
tukifunua turubai mvuke unatoka
kama mama lishe kafunua sufuria.
Arobaini na nne, anasoma Chengula.
Kikoti akanyoosha viganja vyake juu ya lundo,
vile vilivyoungua na dawa mwaka ule,
akaota moto usio na kuni.
"Wanafanya kazi hawa," akasema, polepole,
kama mtu anayemsifia jirani asiyemwamini.

Mwezi wa tano bado lami.
Mwezi wa saba mvua zikaanza, akanusa konzi la udongo,
akanusa tena.
"Uyoga," akasema.
Chengula akapanda maharage kwenye makopo kumi na mawili:
ya udongo wa zamani yakanyauka manjano,
ya udongo wa lundo yakafungua majani mawili mawili.
Juu yake akabandika karatasi: SI YA KULA.

Kuna kona moja haikukubali.
Pale tulimwaga ile dawa ya kijani, ya shaba.
Nilidhani wataila nayo, ni kuongeza samadi tu.
Hapana, akasema, mafuta yana viungo vya kukatwa,
shaba ni mfupa mtupu, haina pa kung'ata.
Akaizungushia waya.
Akakaa pale muda mrefu, mgongo umetugeukia.

Mkaguzi alipofika akapita na kidole chake:
samadi, tripu nane. Imeliwa na nani?
Nikasema: vibarua.
Wako wapi kwenye daftari?
Nikamfungulia geti la nyuma, akatazama udongo,
akatazama viatu vyake, akaandika kitu ambacho sijakisoma.

Siku hizi kuku wa mlinzi amerudi.
Majibu ya maabara hayajafika, kwa hiyo
namfukuza kwa daftari, kila asubuhi,
huku nikiita: Kikoti. Luvanda. Mgovano,
hujambo sasa?
Yupo. Yupo. Sijambo, yupo.